Stempu za Milki za Wafalme wa Bara Hindi

Stempu ni kipande cha karatasi ambacho aghalabu hakizidi upana wa vidole viwili. Mtoto hukibandua juu ya bahasha akafurahia rangi zake. Mtu mzima hukinunua, akakibandika, akakisahau. Lakini katika historia ya Bara Hindi kipande hiki kilikuwa shahidi wa mambo makubwa: nani alikuwa na haki ya kutoza watu ushuru, nani alikuwa na haki ya kuwahukumu, na amri ya nani ilikoma wapi. Insha hii yaeleza habari za stempu hizo, na jinsi mkusanyaji awezavyo kuuhifadhi ushahidi wake, au kuuharibu kwa mkono wake mwenyewe.

Watu wengi hudhani kwamba Waingereza walitawala Bara Hindi yote kwa namna moja. Sivyo. Mpaka mwaka wa 1947 palikuwa na milki zaidi ya 550 zilizokuwa na watawala wenyeji. Wengine waliitwa maharaja, wengine raja, wengine nawabu, na yule wa Hyderabad aliitwa Nizamu. Watawala hawa walikubali ukuu wa mfalme wa Uingereza, wakaacha mikononi mwa Waingereza mambo ya ulinzi na ya nchi za kigeni; lakini mambo mengi ya ndani waliyaendesha wenyewe. Milki hizo hazikulingana. Hyderabad ilikuwa na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 200,000, hali nyingine zilikuwa vijiji vichache tu. Hata hivyo kila mtawala, mkubwa kwa mdogo, alipenda alama za enzi. Wengine walikuwa na sarafu zao, wengine walipigiwa mizinga ya heshima, na wengi walitoa stempu.

Stempu zao za posta zilikuwa za namna mbili. Namna ya kwanza ni za milki sita, nazo ni Patiala, Gwalior, Nabha, Jind, Faridkot na Chamba. Milki hizi, kuanzia mwaka wa 1884, zilifanya mapatano na posta ya Serikali ya Kiingereza. Zilitumia stempu za Serikali hiyo zenye sura ya Malkia Victoria, na juu ya sura hiyo likapigwa chapa jina la milki. Barua yenye stempu kama hiyo iliweza kusafiri Bara Hindi yote. Msomaji wa Kenya asilione jambo hili kuwa geni. Mwaka wa 1895, Serikali ya Kiingereza ilipoichukua nchi hii kutoka kwa Kampuni, stempu za Bara Hindi zilipigwa chapa ya jina la Afrika ya Mashariki ya Kiingereza zikatumika hapa kwetu.

Namna ya pili ni za milki zilizochapa stempu zao zenyewe. Junagadh, ambayo stempu zake hujulikana kwa jina la Soruth, ilianza mwaka wa 1864. Jammu na Kashmir ikafuata mwaka wa 1866, na Hyderabad mwaka wa 1869. Stempu hizi zilikuwa na nguvu ndani ya mipaka ya milki tu. Hatua moja nje ya mpaka, stempu ya mfalme iligeuka karatasi ya rangi.

Mwenye kuzitazama kwa makini huona mengi. Katika stempu za Travancore, zilizoanza mwaka wa 1888, imo picha ya kombe kubwa la baharini lipulizwalo katika ibada za Kihindu, nayo ilikuwa nembo ya milki hiyo. Stempu za Jaipur za mwaka wa 1904 zaonyesha gari la mungu wa jua. Zile za Bhopal zina jina la mwanamke, Shah Jahan Begum, kwani Bhopal ilitawaliwa na wanawake kadhaa kwa muda mrefu hata mwaka wa 1926. Fundi wa Bhopal aliichora kila stempu peke yake juu ya jiwe la kuchapia, kwa hiyo katika karatasi moja hapana stempu mbili zilizo sawasawa. Tena aliandika herufi za Kiingereza, zisizokuwa za kwao, akakosea tahajia mara kwa mara. Wakusanyaji huyatafuta sana makosa hayo. Mwanafunzi wa historia huona humo jambo jingine: mkono wa mtu aliyekuwa akijitahidi kuandika kwa maandishi ya wageni.

Lakini stempu za posta ni sehemu ndogo ya habari hii. Milki zilizotoa stempu za ushuru zilikuwa nyingi zaidi. Mfalme asiye na posta aliweza kutawala. Mfalme asiye na hazina hakuweza. Wahenga wamesema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mtu aliyetaka kuandikisha mauzo ya shamba, au kutoa stakabadhi ya fedha, au kuandika hundi (neno ambalo Kiswahili kimelipokea kutoka Bara Hindi) ilimlazimu kulipa ushuru, na stempu ndiyo ilionyesha kwamba amelipa. Tena zilikuwako stempu za ada ya mahakama. Aliyeshtaki alibandika stempu juu ya hati yake ya madai, na kadiri dai lilivyokuwa kubwa ndivyo na ada ilivyozidi.

Na tufikiri habari ya mjane mmoja anayedai shamba la marehemu mumewe. Hajui kusoma, wala hana wa kumwandikia barua. Huenda stempu ya posta hajapata kuishika maisha yake yote. Lakini hati yake haipokelewi pasipo stempu ya mahakama. Hapo ndipo alipokutana na serikali ya mfalme wake uso kwa uso. Picha ya mfalme katika stempu ile yatuonyesha jinsi alivyotaka kuonekana. Hati iliyo chini yake yatueleza jinsi raia alivyoishi.

Sheria ya Ada za Mahakama iliyowekwa na Waingereza mwaka wa 1870 iliamuru kwamba stempu ikishapokelewa itobolewe, kichwa kilichochorwa kitolewe, na kile kipande kilichotolewa kichomwe moto au kiangamizwe, ili stempu isitumike mara ya pili. Ndiyo sababu stempu nyingi za mahakama zina tundu katikati. Mkusanyaji apendaye uzuri hulichukia tundu hilo. Lakini tundu ndilo ushahidi kwamba siku moja mtu alisimama mbele ya karani akalipa fedha yake kwa kutumaini haki.

Hapa ndipo wakusanyaji wengi wa zamani walipokosea. Walizikata stempu kutoka katika hati, wakazipanga vizuri katika vitabu vyao, na hati wakazitupa. Walibaki na sura ya mfalme, wakapoteza jina la mdai, tarehe, mahali na hukumu. Wengine walitumbukiza kila stempu majini ili kuibandua. Stempu za kwanza za Kashmir zilichapwa kwa rangi za maji. Zikilowa, rangi yote huyeyuka, na mwenyewe hubaki na karatasi tupu mkononi. Pupa ya saa moja ilifuta kumbukumbu ya miaka mingi.

Enzi za wafalme hao zilikwisha upesi. Baada ya Bara Hindi kupata uhuru tarehe 15 Agosti 1947, Vallabhbhai Patel pamoja na katibu wake V. P. Menon waliziunganisha milki hizo na dola mpya, nyingi kwa mapatano, na Hyderabad kwa nguvu ya majeshi mwaka wa 1948. Mwaka huo huo milki zaidi ya 200 za rasi ya Kathiawar, zikiwamo nchi walikotoka wazee wa Wahindi wengi wa Afrika ya Mashariki, zilifanywa jimbo moja la Saurashtra. Bhavnagar, mojawapo ya milki hizo, haikupata kutoa stempu ya posta yake yenyewe. Lakini kabla mwaka wa 1950 haujaisha, stempu zake za ada ya mahakama zilipigwa chapa ya Saurashtra zikatumika kwa barua. Stempu ya kesi ikawa stempu ya salamu, na mfalme aliyeitoa alikuwa hana tena enzi. Kufikia mwaka wa 1951 posta za milki zilikuwa zimekwisha kuingizwa katika posta ya taifa.

Basi wewe mwanafunzi, ukiona katika sanduku la babu yako hati ya kale yenye stempu, usikimbilie mkasi wala bakuli la maji. Isome kwanza. Angalia tarehe, angalia majina, uliza ilihusu nini na nani aliilipia. Kisha iweke kavu, nzima, mbali na mchwa na jua. Wafalme walitoa stempu zile ili wakumbukwe, na vitabu vimewakumbuka. Mjane aliyedai shamba lake hana kitabu. Ana karatasi ile tu, na stempu iliyotobolewa katikati.