Wawindaji wa Tsavo: nani aliitwa mlinzi, nani aliitwa jangili?

[Muziki wa kufungulia. Unashuka taratibu.]

MTANGAZAJI: Karibuni katika kipindi chetu cha historia ya nchi jirani. Leo tunakwenda Kenya, kwenye nyika ya Tsavo, kati ya Nairobi na Mombasa.

Mashariki ya nyika hiyo waliishi Waata, ambao huitwa pia Waliangulu. Ni watu wachache, na lugha yao ni ndugu ya Kioromo. Hawakutegemea ng'ombe wala mashamba makubwa. Walitegemea tembo. Waliwawinda kwa upinde mkubwa, ambao kuuvuta kulihitaji nguvu ya karibu kilo 45 au zaidi, na kwa mishale iliyopakwa sumu ya mti. Nyama ililiwa, na pembe ziliuzwa kwa wafanyabiashara wa pwani.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilitangaza Hifadhi ya Taifa ya Tsavo, yenye zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Kazi ya babu ikawa kosa. Nje ya hifadhi, mgeni aliyelipia leseni aliua tembo akaitwa mwindaji. Mwaata aliyeua tembo aliitwa jangili.

[Muziki mfupi]

MTANGAZAJI: Waliopewa kazi ya kuwazuia Waata walikuwa wawindaji pia. David Sheldrick aliwahi kuongoza safari za uwindaji kabla ya kuwa mkuu wa Tsavo Mashariki. Msaidizi wake, Bill Woodley, aliwinda tembo akiwa kijana. Mwaka 1956 na 1957 waliongoza msako mkubwa. Waata wengi walikamatwa na kufungwa, na familia zikabaki bila mtafutaji.

Lakini mwindaji humtambua mwindaji mwenzake. Maofisa hao waliona kwamba hakuna aliyewajua tembo kama Waata. Likazuka swali: watu hawa wataishi kwa nini? Jibu lilikuwa mradi wa Galana, ulioanza mwaka 1960 mashariki ya hifadhi chini ya Ian Parker. Tembo wangewindwa kwa kiwango maalumu, nyama na pembe ziuzwe, na Waata wapate riziki ya halali. Aliyefaidika na tembo, walisema, atamlinda tembo.

Wazo lilikuwa zuri. Utekelezaji ulikwenda njia nyingine. Waata walibaki waajiriwa, si wenye mradi. Maamuzi yalifanywa na wengine. Kabla ya miaka ya 1960 kwisha, eneo la Galana lilikodishwa kuwa ranchi ya ng'ombe.

Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Hata hivyo tembo hawakupona. Magenge yenye bunduki za kivita yaliingia Tsavo, na hesabu ya mwaka 1988 ilipata tembo wasiofika 6,000, pale walipokuwa makumi ya maelfu. Wale wenye pinde walikuwa wamekwisha kuondolewa. Mauaji makubwa zaidi yalikuja baada yao.

[Muziki unapanda, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Wasikilizaji, wengi wetu tunajua maana ya kuamka na kukuta sheria mpya juu ya ardhi uliyoizoea. Sheria hizo tunazifuata, kwa sababu kuzivunja huleta kifungo na huharibu ujirani na wenyeji wetu. Ila historia ya Tsavo inaonyesha kwamba mnyama halindwi na askari peke yake. Anahitaji pia jirani anayeheshimiwa, anayesikilizwa na anayepata fungu lake.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu cha usikilizaji: Mradi wa Galana ungefanikiwa vipi kama wazee wa Waata wangekaa mezani tangu mwanzo? Na huko mlikotoka, wazee walikuwa na miiko gani ya kuwalinda wanyama?

Hadi kipindi kijacho, kaeni kwa amani.

[Muziki wa kufungia]