Kichocho cha Ugwe Mgongo: Historia ya Tiba na ya Utengamao

Kichocho ni ugonjwa mkongwe wa watu wanaoishi kwa maji, nao hushambulia zaidi kibofu cha mkojo katika visiwa vya Unguja na Pemba na kwenye madimbwi ya Usukumani, ilhali kandokando ya Ziwa Viktoria hushambulia zaidi matumbo. Katika jamii nyingi za Afrika, damu iliyoonekana katika mkojo wa mvulana ilihesabiwa kuwa dalili ya kubalehe, na kwa sababu hiyo haikumtia mzazi wasiwasi wala haikumpeleka mtoto kwa mganga. Hata hivyo, kichocho kina sura nyingine ambayo haikuweza kuzoeleka, nayo ni ile ya mtu mzima mwenye afya aliyeanza kuumwa kiuno, kisha katika siku au wiki chache akashindwa kukojoa na hatimaye akapooza miguu yote miwili.

Uhusiano wa kupooza huko na maji ulichukua muda mrefu kufahamika, kwa kuwa ilibidi kwanza mnyoo wenyewe ujulikane. Mwaka 1851 daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliuona mnyoo huo jijini Cairo alipokuwa akipasua maiti, na ndiyo maana ugonjwa uliitwa pia bilihazia. Mwaka 1915 Robert Leiper, aliyekuwa akifanya utafiti nchini Misri, alithibitisha kwamba vimelea hukua ndani ya konokono wa maji baridi kabla ya kutoka na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, kufua, kuvua au kulima mpunga. Kuhusu mgongo, maelezo ya kitabibu ya Müller na Stender, waliochunguza ugwe mgongo ulioharibiwa na mayai ya kichocho, yalichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1930. Ugwe mgongo ni ule mshipa mkuu wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo ukiwa ndani ya mfereji wa pingili za uti wa mgongo.

Swali lililobaki lilikuwa ni kwa njia gani mayai yanayotagwa katika mishipa ya damu ya kibofu au ya matumbo huufikia mgongo. Jibu lilitokana na kazi ya mwanaanatomia Mmarekani Oscar Batson, ambaye mwaka 1940 alieleza kuwa vena zinazouzunguka uti wa mgongo hazina vali, yaani vile vilango vidogo vinavyozuia damu kurudi nyuma, hivyo mtu anapokohoa au kujikamua damu ya nyonga huweza kusukumwa kuelekea mgongoni. Mayai, na pengine minyoo yenyewe, hupitia njia hiyo na kukwama zaidi katika sehemu ya chini ya ugwe, mahali zinapotoka neva za miguu, kibofu na haja kubwa. Madhara makubwa hutokana na jinsi mwili unavyojikinga, kwa maana chembe za kinga hulizingira kila yai na kufanya kivimbe kiitwacho granuloma, na vivimbe hivyo huubana ugwe katika nafasi isiyoweza kutanuka.

Tiba ya mnyoo ilipiga hatua mbili kubwa. Mwaka 1918 John Christopherson, aliyekuwa Khartoum, alitangaza matokeo ya sindano za antimoni, dawa iliyofaa lakini yenye sumu kali, na katika miaka ya 1970 ikapatikana prazikwanteli, dawa ya kumeza ambayo kwa dozi moja huua minyoo mingi iliyokomaa. Mgonjwa wa mgongo hupewa pia dawa za steroidi za kupunguza uvimbe, kwa kuwa prazikwanteli haiyaondoi mayai yaliyokwisha kukwama. Tiba hii hufaa zaidi inapowahi, lakini historia inaonyesha kwamba utambuzi umekuwa ukichelewa mara nyingi, kwani mgonjwa wa namna hii huweza kukosa kabisa damu katika mkojo au choo, na kupooza kwake kukadhaniwa kuwa kifua kikuu cha mifupa au uchawi.

Historia ya utengamao, yaani huduma zinazomrudishia mtu uwezo wa kujitegemea, ilianzia mbali na maziwa ya Afrika. Wengi wa askari waliopooza katika Vita vya Kwanza vya Dunia walikufa kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani, alifungua kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, ambako mgonjwa aligeuzwa kila baada ya saa mbili, kibofu chake kikatunzwa kwa usafi, na mwili wake ukafundishwa kazi upya. Nchini Tanzania, chuo cha TATCOT kilichoanza mwaka 1981 katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimefundisha mafundi wa viungo bandia na vyuma vya kushikiza miguu kutoka nchi nyingi za Afrika.

Mgonjwa wa kichocho ana matumaini na hatari za peke yake. Ugwe wake umebanwa bila kukatwa, kwa hiyo mazoezi ya tiba ya viungo yanayoanza mapema huweza kukuta neva zilizo tayari kuamka. Lakini mvuvi aliyefunzwa kusimama tena hurejea katika maji yaleyale yaliyompoozesha, na utengamao usioifikiria riziki yake, choo cha kijiji chake na dawa ya kurudiwa utakuwa umemwacha njiani.

Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka lengo la kuwapa dawa angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio hatarini, nalo Shirika la Afya Duniani likatoa wito wake mkubwa kuhusu utengamao mwaka 2017. Miaka 16 iliyo kati ya lengo hilo na wito huo ni kipimo cha jinsi mnyoo ulivyotangulizwa na aliyepoozwa nao akasubiri. Hospitali za kanda ya ziwa na za visiwani zinapaswa kuzikutanisha kazi hizo mbili katika wodi moja, kwa kuwa dawa huua mnyoo, lakini anayemrudisha mgonjwa shambani na nyumbani kwake ni yule anayemfundisha kusimama.