Mtoto wa Kulelewa na Swali la Kwao: Kutoka Ngorongoro hadi Mitaa ya Arusha

Mchungaji aliyehudumu mjini anaujua ukimya unaofuata swali hili mbele ya kitabu cha ubatizo: mtoto huyu ni wa nani? Katika mtaa kama Unga Limited, Arusha, wanakopanga vibarua wa makabila mengi, mlezi hujibu, "Ni wangu," kisha hutazama chini. Mtoto akiwa mkubwa kidogo, naye hutazama chini.

Tusidhani kwamba swali hili limezaliwa mjini. Soitsambu, katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, ni nchi ya wafugaji wa Kimaasai, na Wamaasai waliwahi kulijibu katika dhiki kubwa kuliko yetu.

Mnamo mwaka 1891 sotoka iliwaua ng'ombe wa Umaasaini karibu wote. Njaa ikafuata, kisha ndui. Wamaasai huuita wakati huo Emutai, yaani maangamizi. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alifika Ngorongoro mwezi Machi 1892. Aliandika kwamba wazazi walimtolea watoto wao wapate kipande cha nyama. Na alipokataa, waliwaficha watoto kambini mwake, wakaenda zao. Msomaji asiwe mwepesi wa kuhukumu. Mama aliyemficha mwanawe penye chakula alifanya alichofanya mama yake Musa alipomweka mtoto katika kisafina kando ya mto (Kutoka 2). Hakumtupa, alimtafutia mahali pa kuishi.

Watoto wengi wa Emutai walikulia kwa jirani, wakiwamo Waarusha na Wakikuyu. Mifugo ilipoanza kuongezeka tena, Wamaasai walikwenda kuwadai wake na watoto waliowaacha Ukikuyuni, na wenyeji wengine wakakataa kuwatoa. Ugomvi huo watufundisha jambo. Mtoto aliyekabidhiwa kwa ajili ya chakula hakuwa mtu asiye na kwao. Alikuwa na kwao kuwili, na kila upande ulimhesabu kuwa wake. Uchungu wake ulikuwa kwamba pande hizo mbili hazikukaa pamoja kumwambia hivyo.

Wamaasai wenyewe walikuwa na njia ya kumfanya mtoto awe wao. Mke asiye na mtoto aliweza kupewa mtoto wa mke mwenzake au wa ndugu, akamlea kuwa wake. Udugu ulitamkwa pia kwa mali: waliopeana ng'ombe huitana pakiteng', na waliopeana kondoo huitana paker, hata zawadi yenyewe ikawa jina la kuitana. Hatimaye mvulana alitahiriwa akaingia katika rika, na tangu siku hiyo alikuwa na ndugu walioapa kushiriki naye chakula na hatari. Haya yote yalifanyika mbele ya watu. Kwa hiyo mtoto hakuambiwa tu kwamba ni wetu. Wapo walioona akifanywa hivyo.

Kanisa letu nalo lilipata kulea watoto wa namna hiyo. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa mwaka 1896 iwe makao ya watoto waliookolewa utumwani, kabla ya kuwa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili. Watoto hao walipata chakula, shule na jina jipya. Lakini makao hayana ukoo. Anayelelewa humo huwa na wasimamizi wengi, bali hana mjomba wa kumwendea anapotaka kuoa.

Leo sheria imesaidia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaipa Mahakama Kuu uwezo wa kutoa amri ya kuasili, na mtoto aliyeasiliwa ahesabiwe kama aliyezaliwa na wazazi hao. Neno lenyewe, kuasili, limebeba asili ndani yake. Hata hivyo amri hukaa kabatini, na mtaani mtoto hupata habari zake siku ya ugomvi bombani, kwa kinywa cha jirani, kwamba yeye ni wa kuokotwa. Walioificha kweli kwa upendo ndio waliompa jirani silaha.

Mtume Paulo, katika Warumi 8, hawaambii waamini kwamba walizaliwa wana. Anawaambia kwamba wamefanywa wana, na haoni haya juu ya tendo hilo. Basi usharika usione haya. Wasimamizi wa ubatizo wawe watu watakaofungua milango yao, si majina ya kujaza kitabu. Darasa la kipaimara liwe rika kweli. Na mlezi atiwe moyo amweleze mtoto mapema alikotoka, mbele ya wazee wanaompenda. Hapo swali "mtoto huyu ni wa nani?" litakapoulizwa, hatakuwa na sababu ya kutazama chini.