Pima Maji ya Baba

Mwaka 1987 baba yangu, fundi mwashi wa Buseresere, alimfukuza kaka yangu kazini. Mistari ya matofali katika nyumba ya mtu ilikuwa imeshuka upande mmoja, na baba akasema kijana hana jicho. Kaka hakujibu, akaenda zake Nyarugusu kwenye machimbo ya dhahabu. Miezi miwili baadaye baba aligeuza pima maji, kichwa huku mkia kule, juu ya ubao uleule. Kiputo kikakaa mahali pengine. Kumbe kilichopinda ni kifaa.

Kisa hicho hunijia kila nisomapo habari za setilaiti ya Uhuru. Ilirushwa na Waitaliano kwa roketi ya Kimarekani tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kutafuta eksirei za angani, na kwa kuwa Kenya siku hiyo ilitimiza miaka 7 ya uhuru, ikapewa jina la Kiswahili.

Uhuru ilijizungusha mara moja kwa dakika 12 hivi. Piga hesabu, msomaji: ni nusu digrii kila sekunde, yaani upana wa mwezi mpevu. Ili ijulikane eksirei zimetoka wapi, iliwekewa vihisi vya kutazama nyota zijulikanazo. Lakini kihisi cha nyota na chombo cha eksirei ni macho mawili. Moja likienda kombo kidogo, kila kitu kitaandikwa mahali kisipokuwapo. Ndiyo maana mafundi wa vyombo kama hivyo huanza kwa kukishuku kifaa. Ardhini hukimulika kwa mwanga ambao pembe yake imepimwa. Angani hukilinganisha na nyota ambayo mahali pake panajulikana.

Uhuru iliacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake vilisaidia kuitambua Cygnus X-1, iliyokuja kukubaliwa kuwa shimo jeusi.

Baba naye alikwenda Nyarugusu, pima maji mkononi. Hakuwa mtu wa kuomba radhi. Alikiweka kifaa juu ya ubao mbele ya mwanawe, akakigeuza, akanyamaza. Kaka alirudi nyumbani baada ya mvua za masika. Tangu hapo, kwetu halikuwekwa tofali kabla pima maji haijageuzwa.