«Malaika» na hesabu ya mahari

Mwaka 1967 bendi ya roki kutoka Stockholm, Hep Stars, ilitoa santuri ya wimbo wa polepole, tena kwa Kiswahili. Vijana hao wa Sweden walijulikana kwa fujo za jukwaani. Safari hii walituliza magitaa, wakaimba kilio cha kijana anayempenda binti lakini hana mali ya kumwolea. Kwenye kinanda alikuwa Benny Andersson, yuleyule aliyekuja kuvuma duniani na kundi la ABBA.

Wimbo ni «Malaika». Aliyetangulia kuurekodi ni Fadhili William, mzaliwa wa Taita-Taveta nchini Kenya, mwaka 1960 akiwa na Jambo Boys. Baadaye akaurudia na Equator Sound Band, bendi ya studio ya Nairobi aliyoimbia pamoja na akina Daudi Kabaka. Toleo hilo halina mbwembwe: sauti nyembamba, gitaa linalojibu kila anaponyamaza, basi.

Nani aliutunga? Hapo pana ugomvi mpaka leo. Mtanzania Adam Salim alidai aliutunga miaka ya 1940 kwa ajili ya mchumba aliyeolewa na mwenye fedha. Fadhili, aliyefariki mwaka 2001, hakukubali kamwe.

Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini, ndiye aliyeuvusha bahari, hasa katika albamu aliyoimba na Harry Belafonte mwaka 1965. Cha kuchekesha ni kwamba mwanamke huyo analia kwa kukosa mahari ya kumwolea mwanamke mwenzake, na wasikilizaji wa ng'ambo hawakugutuka. Boney M. waliuchezesha disko mwaka 1981, na kwa maoni ya mwandishi huyu uchungu wote ukayeyuka humo. Angélique Kidjo wa Benin aliurudishia upole wake katika albamu ya «Logozo», mwaka 1991.

Ukipigwa Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, hakuna anayehitaji kufafanuliwa shida ya kijana huyo. Huku Ankole, eneo ulipo mji huo, binti haagwi nyumbani, katika sherehe ya okuhingira, kabla wazee wa pande mbili hawajakubaliana idadi ya ng'ombe. Na ng'ombe wa Ankole, mwenye zile pembe ndefu, si mnyama wa kununuliwa kwa akiba ya mwezi mmoja.

Katika wilaya jirani ya Isingiro kuna makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo yana zaidi ya watu laki moja, wengi wao Wakongo, na Kiswahili cha Kivu, mashariki mwa Kongo, ni lugha ya soko na ya kanisa. Wamo Wabanyamulenge, wafugaji ambao mahari yao nayo ni ng'ombe. Wengi walikimbia nyanda za juu za Minembwe, huko Kivu, baada ya mifugo kuporwa na makundi yenye silaha. Asiye na zizi huhesabu shilingi, na shilingi yenyewe ndiyo hiyo inayotafutwa kwenye kipande cha shamba la mahindi.

Hesabu hiyo ya mahari ilifika hata mahakamani: mwezi Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la MIFUMI, iliamua kwamba kudai kurudishiwa mahari ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Mahari yenyewe majaji hawakuiharamisha.