Jinsi Kisichoshika Kilivyoshikishwa

Fundi mwashi akitaka kupiga lipu juu ya ukuta laini, kwanza huuchonga-chonga kwa patasi. Ajua ya kuwa lipu haidumu mahali isipopata pa kushika. Maarifa hayo ya kila siku ndiyo yaliyoishinda polima moja iliyokuwa kaidi kupita zote.

Tarehe 6 Aprili 1938, Roy Plunkett, mwanakemia wa kampuni ya DuPont katika jimbo la New Jersey, Marekani, alifungua mtungi wa gesi aliyokusudia kuitumia katika majaribio yake. Gesi haikutoka, ingawa uzito wa mtungi ulionyesha kwamba haukuwa mtupu. Ulipopasuliwa, ndani ulionekana unga mweupe, mtelezi kama nta. Molekuli ndogo za gesi zilikuwa zimeungana zenyewe kuwa minyororo mirefu, yaani polima. Polima hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Teflon.

Asidi kali haikuidhuru, na joto liliivumilia. Lakini ilikataa kushikamana na vitu vingine. Sababu ilikuwa nini? Gundi ya kawaida hulowesha uso wa kitu, na molekuli zake zikisha kuzikaribia mno zile za kitu hicho, huvutana nazo. Lakini katika Teflon kila mnyororo wa kaboni umevikwa atomu za florini pande zote, nazo florini hushika elektroni zao kwa nguvu, hata mvuto wao kwa vitu vingine ukawa hafifu sana. Basi sifa ile ile ambayo ingezuia chakula kisigande chomboni, ndiyo iliyouzuia utando wenyewe usikae juu ya chombo.

Mnamo 1954 mhandisi Mfaransa, Marc Grégoire, alipata njia. Hakujaribu kuigeuza tabia ya polima, bali aliutengeneza uso wa alumini. Aliutia asidi, ikaula na kuacha vishimo vidogo visivyohesabika. Kisha polima ilitandazwa juu yake na kupashwa moto kupita nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo huiyeyusha. Ikalainika, ikaingia vishimoni. Na ilipopoa ikakazwa humo, kama mizizi ya mti katika nyufa za mwamba. Mkewe, Colette, alimhimiza autie utando huo katika vyombo vya kupikia. Mwaka 1956 ikaanzishwa kampuni ya Tefal, ambayo jina lake limeunganishwa kutokana na Teflon na alumini.

Hivyo twaona kuwa vitu hushikana kwa njia zaidi ya moja: kwa mvuto wa molekuli, na kwa kukamatana mashimoni. Njia ya kwanza ikizibwa, ya pili yaweza kuwa wazi. Tena yafaa tukumbuke kwamba Teflon haikupatana na alumini hata leo, imeshikiliwa tu. Ndiyo maana mpishi mwenye busara hakwangui kikaango cha namna hiyo kwa kijiko cha chuma.