Hisa, Nyumba za Kupangisha na Kiti cha Umma

Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5, 1967, hukumbukwa zaidi kwa mabenki yaliyotaifishwa siku iliyofuata. Lakini kilichowakosesha usingizi wakubwa wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, na Serikali ni masharti ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti yalimbana pia mke au mume wake, hivyo kuandikisha hati kwa jina la mwenzi hakukusaidia. Waliokwisha kukopa na kujenga walitakiwa kuchagua: nyumba au cheo. Mama Maria Nyerere, mke wa Rais, mwenyewe aliachia shamba lake la kuku.

Nairobi ilishika njia nyingine.

Mwaka 1971 tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, ilisema hakuna ubaya mtumishi wa serikali kumiliki mali au kufanya biashara. Enzi hizo biashara kubwa ilikuwa bado mikononi mwa wageni, na Waafrika wengi wenye elimu na sifa za kukopa benki walikuwa serikalini. Tume ilitaka pia mtumishi atangaze maslahi yake. Ruhusa ilitumika mara moja, tangazo likasubiri. Sheria ya maadili iliyowabana watumishi wa umma kutangaza mali zao ilipitishwa mwaka 2003, miaka 32 baadaye. Katika kipindi hicho chote ofisa wa leseni aliweza kuwa na duka lake mjini, na mfanyabiashara aliyenyimwa leseni hakuwa na pa kuuliza kama amenyimwa kwa haki au kwa sababu ni mshindani. Huo ni uonevu, hata pale ambapo hakuna shilingi iliyoibwa.

Tanzania nayo ililegeza. Agosti 1990 Mwalimu Nyerere alikabidhi uenyekiti wa CCM, chama kilichorithi TANU. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya chama hicho ilikutana Zanzibar na kuruhusu hisa, kodi za nyumba na mshahara wa pili. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atangaze mali na madeni, ilikuja mwaka 1995. Hapa pia ruhusa ilitangulia, ukaguzi ukafuata nyuma.

Kenya bado inaziba pengo lile. Katiba ya 2010, kifungu cha 77, inamkataza ofisa wa serikali aliyeajiriwa kwa muda wote kufanya kazi nyingine ya kumwingizia kipato. Mwaka 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Mgongano wa Maslahi, inayosimamiwa na tume ya maadili, EACC.